Mgeni Asiye na Kitambulisho

Fabiana Bortnik alianza kufundisha chekechea akiwa na miaka ishirini. Nilipopelekwa darasani kwake kuwa mwalimu wa pili, alikuwa na arobaini na sita. Watoto walimwita Mora Fabi, kwa kuwa mora ndiye mwalimu katika Kiebrania. Hata wazazi ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kufunga kamba za viatu waliendelea kumwita hivyo hivyo, mbele ya wake na waume zao, bila haya.

Alikuwa binti wa fundi magodoro, mzaliwa wa hapa hapa Rosario. Aliolewa, akaachika, akabaki na binti mmoja aliyehamia Barcelona. Sauti ya kuimba hakujaliwa. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, kwa hiyo akishaketi kwenye kile kiti cha watoto ilibidi mtu amvute mkono asimame, na mtu huyo kwa kawaida nilikuwa mimi. Mifuko ya aproni yake ilijaa vifungo, vipande vya chaki, meno ya maziwa yaliyofungwa kwenye karatasi. Alikunywa yerba, ile chai yetu chungu ya kunyonya kwa mrija, tangu saa moja asubuhi hadi watoto wanaondoka, na hakuna siku niliyomwona amechelewa.

Shule yetu iko nyuma ya milango miwili ya chuma. Ukipita wa kwanza unabaki katika chumba kidogo cha katikati, tulichozoea kukiita kizimba, mpaka mlango huo ujifunge ndipo wa pili ufunguliwe. Milango hiyo miwili haifunguliwi kwa pamoja, mvua inyeshe, mtoto atapike. Mwaka 1994, bomu lilipoua watu themanini na watano katika jengo la jumuiya yetu ya Kiyahudi kule Buenos Aires, Fabi alikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Shule ilifungwa siku kadhaa, na ilipofunguliwa mlango wa zamani wa mbao haukuwapo tena. Watoto wetu wa leo hawajui mlango mwingine. Kwao kizimba ni mahali pa kuvua koti.

Pale nje, siku zote, alisimama mlinzi wetu Mzee Ovidio. Alikuwa mtu wa Tostado, kaskazini kabisa ya jimbo, Mkatoliki, mwenye masharubu meupe na buti nyeusi. Kwa miaka kumi na moja alijua kila mtoto, kila bibi, na kila shangazi aliyekatazwa na mahakama kumchukua mtoto. Watoto walimpenda. Walimpa mawe na majani, naye aliyaweka kwenye mfuko wa shati bila kucheka.

Ninayoyasimulia yalitokea wiki moja ya Novemba, wakati sura inayosomwa sinagogi ni ile ya Ibrahimu na wageni wake watatu.

Jumatatu tulijenga hema katikati ya darasa, kwa shuka nne kuukuu za Fabi na mipini ya mafagio. Watoto kumi na sita walitaka kushika mpini mmoja. Hema liliposimama, Fabi alikunja shuka juu pande zote nne.

"Mora, utaingia upepo," alisema Uriel, mtoto wa familia iliyoshika dini kweli kweli, ambaye alikuwa na wasiwasi na kila kitu.

"Uingie," alisema Fabi. "Hema la Ibrahimu lilikuwa wazi pande nne, ili mgeni akitokea upande wowote asipate taabu ya kuzunguka kutafuta mlango."

Siku hiyo walicheza wageni mpaka saa ya kwenda nyumbani. Mmoja anatoka, anarudi, anakaribishwa, anapewa biskuti ya kuwaziwa tu, halafu wanagombana nani sasa awe mgeni, kwa sababu kuwa mwenyeji hakuna aliyetaka.

Jumanne Fabi aliwaketisha ndani ya hema na kuwasimulia. Alisimulia polepole, bila kubadilisha sauti, kama mtu anayeeleza jambo lililompata jirani. Ibrahimu ameketi mlangoni pa hema mchana, jua linawaka.

"Kama Ovidio," alisema Jazmín.

Jazmín alikuwa na miaka minne na nusu, na jino la mbele alilivunja kwenye bembea. Hakuwa mtundu. Alikuwa tu mtoto wa kufuata jambo mpaka mwisho wake.

"Kama Ovidio vipi?" aliuliza Fabi.

"Anakaa mlangoni juani."

Darasa zima likakubali. Ibrahimu alikuwa mlinzi, ilikuwa wazi. Fabi hakubishana nao. Aliendelea: Ibrahimu akainua macho, akaona watu watatu, wageni, hawajui hata majina yao, akainuka akakimbia kuwalaki.

"Aliwaomba vitambulisho?" aliuliza Jazmín.

"Hapana," alisema Fabi. "Hakuwaomba."

"Basi angefukuzwa kazi," alisema Uriel.

Nilijifanya natafuta kitu kabatini ili wasinione nacheka. Fabi hakucheka. Aliwaambia juu ya maji ya kuosha miguu, mikate ya Sara, siagi, maziwa na ndama. Hapo Uriel akainua mkono tena, uso umemwiva.

"Mora, walikula nyama na maziwa pamoja?"

"Maziwa kwanza, Uri. Nyama baadaye."

"Baadaye kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha. Ndama alichukua muda kuiva."

Akaridhika. Jazmín hakuridhika, lakini kengele iligongwa. Wale wageni, Fabi alimalizia huku akivutwa mkono asimame, walileta habari kwamba Sara atapata mtoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jumatano ilikuwa siku ya herufi. Herufi ya wiki ilikuwa He, ile ambayo Mungu aliiongeza katika jina la Abramu likawa Ibrahimu. Tulikuwa tukiifinyanga kwa unga uliokandwa. Darasa letu lipo ghorofani na dirisha lake linatazama mtaa. Mnamo saa nne, mtoto mmoja aliyekwenda kunawa mikono akasimama dirishani.

"Mgeni," alisema. "Mora, mgeni amekuja."

Wote wakakimbilia kioo na mikono ya unga. Chini, kwenye njia ya miguu, mzee mmoja mwembamba aliyevaa koti katika joto lile alikuwa akizungumza na Ovidio. Alionyesha jengo, akaonyesha kifua chake, akaonyesha jengo tena. Ovidio aliongea kwenye redio yake, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mzee hakuondoka. Alivuka njia, akaegemea gari la mtu, akabaki anatazama juu.

"Ovidio hamwachi aingie," alisema Jazmín.

"Labda hana kitambulisho," nilisema.

"Na wale watatu hawakuwa nacho." Akamgeukia Fabi. "Ibrahimu alikimbia. Wewe mbona hukimbii?"

Nadhani mtoto mwingine angeuliza, Fabi angemjibu. Lakini Jazmín hakuwa akimsuta. Alitaka kujua tu. Fabi alijipangusa unga, akachukua kiti chetu cha kukunja, bilauri ya maji na vipande viwili vya keki ya limau aliyojiletea mwenyewe.

"Lili, baki nao," aliniambia, akashuka ngazi moja moja.

Jinsi alivyotoka ilijulikana kesho yake kwa sababu ya kamera. Mikono ilikuwa imejaa. Aliingia kizimbani, lakini mguu wa kiti ulikwama kwenye mlango wa ndani usijifunge, naye bila kutazama nyuma akamwita Ovidio amfungulie wa nje. Ovidio, akidhani mwalimu amefunga kama siku zote, akafungua. Kwa muda wa kuhesabu hadi kumi na mbili, milango yote miwili ilikuwa wazi.

Sisi juu tulimwona tu anatokea, anavuka, anafungua kiti. Mzee akaketi, akanywa maji yote kwa pumzi moja. Watoto wangu wakanyamaza kabisa, jambo ambalo hutokea mara chache.

Fabi alinisimulia baadaye: aliitwa Bernardo Faingold, miaka sabini na tisa, ametoka Charata, kule Chaco, amemleta mkewe kufanyiwa upasuaji. Kitambulisho chake kilikuwa kimebaki mapokezi ya hospitali pamoja na karatasi za mkewe. Hakuwa na la kufanya mpaka saa nane, saa ya kutazama wagonjwa, akaja kuangalia shule aliyosomea utotoni kabla baba yake hajahamia kulima pamba.

"Ule mlimau wa uani bado upo?" alimwuliza Fabi.

"Haupo. Ulikatwa walipojenga ukuta mpya."

"Ulizaa kweli kweli ule."

"Hata mimi niliukuta."

Mzee akala keki. "Wamefanya vizuri kujenga ukuta," alisema baadaye. "Lakini nilitaka kuuona mlimau."

Fabi alimwambia arudi siku nyingine na kitambulisho, atapokelewa. Akasema ataona hali ya mkewe. Watoto walimpungia mikono, akawapungia, akaenda zake. Fabi aliporudi darasani walimpokea kama shujaa, na siku ile nami nilimwona hivyo.

Alhamisi asubuhi Ovidio alitusalimu, "Habari za asubuhi, walimu," akatazama upande mwingine. Kwa kawaida angemwuliza Fabi kama goti limetabiri mvua.

"Mzee Ovidio, kuna nini?" aliuliza Fabi.

"Hakuna kitu, mwalimu. Pita ndani, usizuie mlango."

"Sipiti mpaka uniambie."

Alitoa karatasi mfukoni, katikati ya majani ya watoto, akamwonyesha bila kumpa. Msimamizi wa ulinzi alikuwa amekuja jana jioni akatazama kamera. Ilikuwa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka kumi na moja.

"Lakini kosa ni langu," alisema Fabi.

"Kosa ni la aliye mlangoni. Ndiyo maana wakaniweka mlangoni." Aliikunja karatasi. "Mwalimu, nikwambie ukweli? Yule mzee nilimwonea huruma kabla yako. Nilimwambia asubiri kivulini, nilikuwa namtafutia mtu wa kumletea maji. Wewe ukatoka na kiti, watoto wakakupigia makofi. Mimi nikabaki na barua."

Fabi alisimama pale hadi mzazi mmoja nyuma yetu akakohoa.

Alipanda moja kwa moja kwa mkuu wa shule, Edith, mwanamke mkavu wa maneno, aliyejiunga na kamati ya ulinzi mwaka ule ule wa bomu na hakutoka tena. Mlango wa ofisi ulibaki wazi, nami nilikuwa kwenye korido na watoto wawili wanaokwenda chooni, kwa hiyo nilisikia.

"Barua iwe yangu," alisema Fabi.

"Yako iko hapa, nimeshaiandika. Ni barua mbili, yako na yake."

"Mimi nilisahau kufunga. Yeye aliniamini."

"Hatakiwi kukuamini. Hatakiwi kuniamini hata mimi. Fabi, umri huu wote uko hapa. Kama yule mzee asingekuwa mzee?"

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingetoka."

"Edith, najua. Kila asubuhi nahesabu watoto nikiwa kwenye ngazi, na nahesabu ngazi. Lakini huwezi kuniambia nifundishe wiki nzima hema lenye pande nne wazi, halafu mtoto aniulize, nimwambie ni hadithi tu."

Edith akauliza, "Ulimwambia nini mtoto?"

"Sijamwambia kitu. Sina cha kumwambia."

"Andika maelezo yako. Yote, mpaka mguu wa kiti. Nitayapeleka kwa msimamizi, na barua ya Ovidio nitaona. Yako inabaki kwenye faili."

"Ibaki."

Mchana ule tulisuka mikate ya Sabato na watoto, kila mmoja wake mdogo, na Fabi alifanya kazi bila kuongea. Wakati wa kuipaka yai, aliwauliza watoto nani awe mgeni wa hema kesho, kwa kuwa kila Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani huwa tunaikaribisha Sabato darasani na huwa tunaalika mtu. Nilitegemea watamtaja yule mzee.

"Ovidio," alisema Jazmín. "Hajawahi kuja juu."

Ni kweli, hajawahi. Miaka kumi na moja alifika kizimbani na choo cha chini basi. Mimi nilikuwa sijawahi kuliwazia jambo hilo, na usoni mwa Fabi niliona kwamba naye hajawahi.

Alishuka kumwalika mwenyewe. Ovidio alimsikiliza mpaka mwisho.

"Asante, mwalimu. Na mlangoni asimame nani?"

Hilo nalo hatukuwa tumeliwaza. Fabi akapanda tena kwa Edith, mara ya pili siku hiyo, goti likimwuma. Sikusikia walichosema. Nilichokiona ni kwamba Ijumaa, saa tano na nusu, Edith alishuka na viatu vya chini, akachukua redio kutoka kwa Ovidio, akamwambia, "Dakika ishirini," akasimama juani mahali pake, ameukaza uso kama askari wa gwaride.

Ovidio aliingia darasani kofia mkononi. Watoto, ambao kila siku humrukia, walishikwa na aibu. Akainama, akaingia hemani, akaketi kwenye kiti kidogo, magoti yakamfikia kidevuni. Uriel akaja na beseni la maji na taulo.

"Tunakuosha miguu," alisema.

"Miguu hapana, bwana mdogo. Iko ndani ya buti tangu saa kumi na moja alfajiri. Utanilaumu."

Darasa lote likacheka, aibu ikaisha. Wakamwosha mikono, watoto wanne kwa mikono miwili. Jazmín ndiye aliyekuwa mama wa Sabato wiki ile, yaani mtoto wa kuongoza baraka ya mishumaa. Fabi aliwasha mishumaa, Jazmín akaziba macho, tukasema baraka, tukanywa juisi ya zabibu, Ovidio akakatiwa mkate wa kwanza. Aliutafuna kwa makini.

"Umezidi chumvi?" aliuliza Fabi.

"Kidogo," alisema Ovidio. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana kumtazama usoni.

Jazmín alikuwa amesubiri. "Ovidio, Ibrahimu hakuomba vitambulisho. Wewe kwa nini unaomba?"

Nilimwona Fabi anafungua kinywa kumwokoa, lakini Ovidio aliinua kidole.

"Ibrahimu alikaa wapi? Kulikuwa na majumba?"

"Hapana. Jangwani."

"Basi ni kama kwetu Tostado. Kwetu ni tambarare, mtu ukimwona anakuja unakaa nusu saa unamtazama. Anavyotembea, alichobeba, amechoka au hajachoka. Akifika umeshamjua. Hapa mtu anachomoza kwenye kona, hatua nne, yuko mlangoni. Sina nusu saa ya kumtazama. Ndiyo maana namwuliza."

Jazmín alifikiri. "Na ukishamwuliza?"

"Nikishamwuliza namwambia karibu. Hujanisikia? Kila siku nakwambia karibu."

"Mimi unanijua."

"Ndiyo, wewe nakujua," alisema Ovidio, akaomba kipande kingine cha mkate, ule ule wa chumvi nyingi.

Dakika ishirini zikaisha. Alipotoka, Fabi alimfuata hadi kwenye ngazi na kumwomba msamaha, bila kuuzungusha. Alisema, "Niliona mgeni mmoja tu, wewe sikukuona." Ovidio alisema yameisha. Hayakuisha siku hiyo, kusema kweli. Ilichukua kama wiki tatu ndipo akauliza tena habari za goti.

Barua yake iliondolewa kwenye faili kabla ya mwaka mpya. Ya Fabi imebaki mpaka leo. Bernardo Faingold alirudi Jumanne iliyofuata na kitambulisho. Ovidio alikisoma pande zote mbili, akamwambia karibu, akamfungulia mlango mmoja mmoja. Watoto walikuwa kwenye muziki na hawakumwona. Alikaa uani kama dakika kumi, akaonyesha kwa fimbo mahali mlimau ulipokuwa, na akakosea, kwa maana Fabi alisema ulikuwa upande wa pili. Wakabishana kidogo kwa upole. Mkewe alikuwa ametoka hospitali, na basi lao la Chaco lilikuwa la saa kumi na mbili jioni.

Ovidio alistaafu miaka mitatu baadaye, akarudi kwao. Likizo ya Julai Fabi alipanda basi kwenda kumtembelea, akanishawishi twende wote. Safari ilikula siku nzima. Mkewe Ovidio, Ramona, mwanamke mnene wa kucheka, alikuwa amechinja kuku wawili kwa ajili yetu, wamekaangwa na viazi, meza imejaa. Fabi alikunja kitambaa, akaanza kutafuta maneno ya kukataa bila kumwumiza, kwa sababu nyama isiyochinjwa kwa utaratibu wetu hali, na mimi kwa hilo si mtu wa kusaidia, mimi nakula.

Ovidio alikuwa ameshainuka. Alirudi kutoka jikoni na mayai manne ya kuchemsha, mkate, nyanya na sahani mpya ya kioo yenye karatasi ya bei bado imebandikwa chini.

"Nilikwambia," alimwambia mkewe. "Huyu mayai, yule mwingine kuku. Sahani ya kioo, kisu kipya, na maziwa usilete karibu na hao kuku."

"Umeyajulia wapi yote hayo?" aliuliza Ramona.

"Mlangoni," alisema Ovidio, akavuta kiti kwa ajili ya Fabi.

Ramona akatazama sahani yangu na ya Fabi, akasema basi kuku waliobaki tutakwenda nao Rosario, maana yeye na mumewe kuku wawili hawawezi kuwamaliza.